Skrini imekwama kwenye 1024x768? Namna ya kupata rezolusheni sahihi kwenye Linux

Umechomeka skrini ya pikseli 1920x1080, Linux imeiona, lakini maandishi ni makubwa, yana ukungu, na orodha ya rezolusheni kwenye mipangilio inaishia 1024x768. Wengi wakifika hapo hunakili amri za xrandr (programu ya kupanga skrini) walizozikuta mahali na kuzibandika. Zikikubali, hawajui kwa nini zimekubali. Zikigoma, wanabaki na skrini nyeusi. Tatizo hili lina mpangilio wake, na ukilifuata kwa mpangilio huo mara nyingi hutahitaji kulazimisha chochote.

Jambo la kushika tangu mwanzo: Linux haibuni rezolusheni, skrini yenyewe ndiyo inayojitambulisha. Ndani yake kuna kumbukumbu ndogo iitwayo EDID, ya baiti 128 au zaidi, inayotaja mtengenezaji, ukubwa wa kioo, rezolusheni inazozimudu na ile inayoipenda kuliko zote. Taarifa hiyo hupita kwenye kebo hadi kwenye kadi ya grafiki, draiva (programu inayoiendesha kadi hiyo) huisoma, keneli (kiini cha Linux) huitangaza, kisha mazingira ya eneo-kazi (kama GNOME au KDE) ndiyo yanayokuonyesha orodha. Njia ikikatika popote, orodha inakuwa fupi. Kazi yako ya kwanza ni kujua imekatika wapi.

Kwanza, jiwekee njia ya kurudi

Kabla hujagusa kitu, hakikisha unaweza kurudi ulikotoka bila kuona picha. Jaribu sasa hivi kubonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini ya maandishi matupu inayokuomba jina na nenosiri. Kurudi kwenye eneo-kazi, bonyeza Ctrl+Alt+F1 au F2, kutegemea mfumo wako. Hapo ndipo utakapokimbilia mambo yakiharibika.

Pia jua mipangilio ya skrini inahifadhiwa wapi. GNOME huiweka kwenye `~/.config/monitors.xml`. KDE Plasma 6 kwenye Wayland hutumia `~/.config/kwinoutputconfig.json`. Xfce huweka yake kwenye `~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/displays.xml`. Ukipotelewa na picha kabisa, ingia kwenye skrini ya maandishi, libadilishe jina faili hilo, kisha uwashe kompyuta upya:

```
mv ~/.config/monitors.xml ~/.config/monitors.xml.zamani
sudo reboot
```

Mfumo utaanza upya kama vile haujawahi kuiona skrini hiyo.

Hatua ya 1: jua unatumia Xorg au Wayland

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
```

Hii ni mifumo miwili ya kuchora picha kwenye skrini: Xorg, wa zamani, na Wayland, mpya. Jibu litakuwa `x11` (yaani Xorg) au `wayland`. Usiruke hatua hii, kwa maana nusu ya maelekezo yanayozunguka mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya Xorg peke yake. Ndani ya Wayland amri ya xrandr bado inaitika, inatoa hata orodha, lakini inachokiona ni skrini bandia iliyowekwa kwa ajili ya programu za zamani. Unaweza kuiamrisha kutwa nzima bila kioo kubadilika.

Hatua ya 2: uliza keneli inaona nini

Keneli iko chini ya Xorg na Wayland pia, kwa hiyo jibu lake halitegemei eneo-kazi unalotumia.

```
grep . /sys/class/drm/card*-*/status
```

Kila tundu la kadi ya grafiki litatajwa, likifuatiwa na `connected` au `disconnected`. Majina utakayoyaona ni kama `card1-HDMI-A-1`, `card1-DP-2`, na `card1-eDP-1` kwa kioo cha laptopu. Chukua jina la tundu ulilochomeka skrini, kisha tazama rezolusheni zake na ukubwa wa EDID:

```
cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/modes
cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid | wc -c
```

Amri ya pili ndiyo yenye uzito. Ikijibu 128, 256 au namba kubwa zaidi, taarifa za skrini zimefika. Ikijibu 0, hazikufika, na umeshapata chanzo cha 1024x768: keneli ikikosa EDID hutoa orodha ya tahadhari isiyozidi hapo, kwa kuwa karibu kila skrini inaweza kuimudu. Keneli haijaharibika. Imekataa kubahatisha tu.

Ukitaka kuhakikisha kwamba kilichofika si takataka, kitazame kwa macho:

```
hexdump -C /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid | head -1
```

EDID halali huanza na baiti nane zisizobadilika: `00 ff ff ff ff ff ff 00`. Ukiona tofauti, taarifa imeharibika njiani, na mara nyingi mwenye kosa ni kebo au adapta. Kwa anayependa kusoma yote yaliyomo kuna programu ya `edid-decode`, ambayo huyafungua mambo kwa lugha inayosomeka.

Hatua ya 3: hakikisha draiva ya kweli inafanya kazi

```
lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'
```

Tafuta mstari wa `Kernel driver in use`. Kwa Intel utaona `i915` au `xe`, kwa AMD `amdgpu` au `radeon` ya kadi za zamani, kwa Nvidia `nouveau` au `nvidia`. Mstari huo usipokuwepo kabisa, kadi yako haina draiva, na hakuna amri ya rezolusheni itakayokufaa mpaka uipate.

Halafu angalia hili:

```
cat /proc/cmdline
```

Likiwemo neno `nomodeset`, umepata mwizi wako. Neno hilo huwekwa wakati wa kusakinisha Linux kwenye kompyuta inayogoma kuonyesha picha, kisha husahaulika humo. Linaiamuru keneli isiiachie draiva kazi ya kupanga skrini, kwa hiyo unabaki na picha ya msingi tu. Ndani ya Xorg dalili yake ni rahisi kuitambua: ukiandika `xrandr` inalalamika `Failed to get size of gamma for output default`, na skrini pekee inayotajwa inaitwa `default`. Fungua `/etc/default/grub`, lifute neno hilo kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha:

```
sudo update-grub
```

Hiyo ni kwa Debian, Ubuntu na ndugu zao. Kwenye mifumo mingine amri ni `sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg` au inayofanana nayo. Kama kadi ni ya Nvidia, sakinisha kwanza draiva yake kupitia zana ya usambazaji wako wa Linux (Ubuntu, Fedora na kadhalika), ndipo uondoe `nomodeset`. Ukigeuza mpangilio huo unaweza kuwasha kompyuta ukakutana na giza.

Hatua ya 4: kebo, adapta na hesabu zake

Hapa watu hupoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, kwa sababu kebo haitoi ujumbe wa kosa.

Rezolusheni si upana na urefu peke yake. Kuna pia idadi ya mara picha inavyochorwa upya kila sekunde, ndiyo ile Hz. Ukizidisha vyote kwa pamoja, na kuongeza nafasi tupu zinazozunguka picha, unapata kasi ya pikseli, na kila aina ya tundu ina kikomo chake. Picha ya 1920x1080 kwa 60 Hz kwenye HDMI inahitaji MHz 148.5. DVI ya njia moja huishia MHz 165, kwa hiyo inaimudu. HDMI 1.4 huishia MHz 340, na 3840x2160 kwa 60 Hz inahitaji 594. Ndiyo maana skrini ya 4K kwenye laptopu yenye HDMI 1.4 hutoa 30 Hz tu na kishale cha panya kinajikokota. Hakuna mpangilio wa Linux utakaolitibu hilo. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 na kuendelea, pande zote mbili, pamoja na kebo inayostahimili kasi hiyo.

Adapta nazo zina mambo yake. Ile ndogo ya bei nafuu inayotoka DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi kinyumenyume. Ukitaka kutoka HDMI kwenda kwenye skrini ya DisplayPort, lazima adapta iwe na kigeuzi ndani yake na mara nyingi na umeme wake. USB-C ni tundu tu: si kila moja hubeba picha, hata kama zote zinafanana kwa sura. Na ukiwa na swichi ya kuunganisha kompyuta mbili kwenye skrini moja, au kigeuzi cha VGA, vishuku kabla ya kitu kingine chochote, maana vingi havipitishi EDID.

Jaribio ni moja: ondoa kila kilicho katikati, chomeka kebo nyingine moja kwa moja, kisha rudia amri ya `wc -c`. Ikitoka 0 kwenda 256, kazi imekwisha. Usihangaike na yanayofuata.

Hatua ya 5: panga kwa kipanya

Taarifa zikishafika, tumia mipangilio ya kawaida ya eneo-kazi lako. GNOME, KDE, Xfce na Cinnamon zote zina ukurasa wa skrini wenye mistatili unayoiburuta kuilinganisha na jinsi skrini zilivyokaa mezani. Panga kingo za mistatili kwa uangalifu: kona zikipishana, kishale kitagonga ukuta kila unapojaribu kuvuka mahali pasipogusana. Chagua skrini kuu, chagua rezolusheni inayopendekezwa, na utazame pia orodha ya Hz, kwa kuwa skrini ya 144 Hz huanzishwa kwa 60 mara nyingi na mwenyewe asijue. Usipothibitisha mabadiliko, mfumo hurudi ulikokuwa baada ya sekunde chache. Kwa hiyo jaribu bila hofu.

Hatua ya 6: xrandr, kwa walio kwenye Xorg

Ukiandika `xrandr` bila nyongeza yoyote utapata kitu kama hiki:

```
eDP-1 connected primary 1366x768+0+0 309mm x 173mm
   1366x768      60.00*+
HDMI-1 connected 1024x768+1366+0 0mm x 0mm
   1024x768      60.00*
   800x600       60.32    56.25
   640x480       59.94
```

Kila alama ina maana yake. Nyota ni rezolusheni inayotumika sasa, jumlisha ni ile skrini inayoipendelea. `+1366+0` ni mahali kona ya juu kushoto ya skrini ilipo kwenye eneo zima la kazi: pikseli 1366 kutoka kushoto, sifuri kutoka juu, yaani imeanzia pale kioo cha laptopu kilipoishia. Sasa tazama `0mm x 0mm` ya HDMI-1. Hakuna skrini yenye upana sifuri. Huo ni ushahidi mwingine kwamba EDID haikufika, na kwenye orodha ya rezolusheni zake hakuna alama ya jumlisha hata moja.

Rezolusheni ikiwa ipo kwenye orodha, amri ni moja:

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080 --rate 60 --right-of eDP-1
```

Badala ya `--right-of` unaweza kuweka `--left-of`, `--above`, `--below` au `--same-as`. Kwa skrini iliyosimamishwa wima ongeza `--rotate left`. Ukijaribu jambo usilo na uhakika nalo, liandike hivi:

```
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080; sleep 15; xrandr --output HDMI-1 --auto
```

Picha ikipotea, itarudi yenyewe baada ya sekunde 15. Ikikaa vizuri, bonyeza Ctrl+C kabla muda haujaisha.

Hatua ya 7: kuongeza rezolusheni isiyo kwenye orodha

Fika hapa tu kama una hakika skrini inaimudu rezolusheni hiyo na EDID imeshindikana kabisa. Vipimo hupatikana kwa `cvt`:

```
$ cvt 1920 1080 60
Modeline "1920x1080_60.00"  173.00  1920 2048 2248 2576  1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
```

Mstari huu watu huunakili kama hirizi, na kumbe unasomeka. 173.00 ni kasi ya pikseli kwa MHz. Namba nne zinazofuata ni za upana: pikseli 1920 zinaonekana, na jumla pamoja na nafasi tupu ni 2576. Nne nyingine ni za urefu: mistari 1080 inaonekana, jumla ni 1120. Gawanya 173,000,000 kwa 2576 mara 1120, utapata 59.96, ndiyo hizo 60 Hz ulizoomba.

Nafasi tupu hizo ni urithi wa skrini za kioo cha mirija, ambamo mwali wa elektroni ulihitaji muda wa kurudi mwanzo wa mstari. Skrini bapa haina mwali, kwa hiyo inaweza kupunguziwa:

```
$ cvt -r 1920 1080 60
Modeline "1920x1080R"  138.50  1920 1968 2000 2080  1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
```

Picha ni ileile lakini kasi imeshuka kutoka 173 hadi 138.5. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama DVI yenye kikomo cha 165 itakubali au itakataa. Kwa skrini bapa inayopokea kwa HDMI, DVI au DisplayPort anza na `-r`. Ile ya kwanza iachie VGA.

Kisha hatua tatu, moja baada ya nyingine:

```
xrandr --newmode "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
xrandr --addmode HDMI-1 1920x1080R
xrandr --output HDMI-1 --mode 1920x1080R
```

Ya kwanza inaisajili rezolusheni, ya pili inaikabidhi kwa tundu, ya tatu inaiwasha. Umekosea? `--delmode` huiondoa kwenye tundu na `--rmmode` huifuta kabisa.

Yote haya hupotea ukitoka. Kuyadumisha, tengeneza faili `/etc/X11/xorg.conf.d/10-monitor.conf`:

```
Section "Monitor"
    Identifier "HDMI-1"
    Modeline "1920x1080R" 138.50 1920 1968 2000 2080 1080 1083 1088 1111 +hsync -vsync
    Option "PreferredMode" "1920x1080R"
EndSection
```

Mwenye laptopu anayehama kati ya meza mbili au tatu atapendezwa zaidi na `autorandr`. Panga skrini unavyotaka, andika `autorandr --save kazini`, na siku nyingine ikiziona skrini zilezile itaurudisha mpangilio wenyewe.

Hatua ya 8: kwa walio kwenye Wayland

Huku hakuna amri moja ya wote, kwa sababu kila eneo-kazi linasimamia skrini lenyewe. KDE ina `kscreen-doctor -o` ya kuorodhesha, kisha:

```
kscreen-doctor output.HDMI-A-1.mode.1920x1080@60
```

GNOME tangu toleo la 48 ina `gdctl`. Sway hupangwa kwenye faili lake la mipangilio kwa mstari kama `output HDMI-A-1 mode 1920x1080@60Hz position 1366 0`, na maeneo-kazi ya jamii yake hukubali `wlr-randr`.

Ikiwa rezolusheni haipo kabisa kwenye orodha, mimi huenda moja kwa moja kwenye keneli. Ndiyo njia inayofanya kazi kote, hata kwenye Xorg. Ongeza kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`:

```
video=HDMI-A-1:1920x1080MR@60e
```

M inaomba vipimo vya CVT, R inapunguza nafasi tupu, na e mwishoni inalilazimisha tundu liwake hata kama keneli inadhani halina kitu. Angalia jina: keneli huita `HDMI-A-1` tundu ambalo Xorg inaweza kuliita `HDMI-1`. Ukiandika jina la Xorg kwenye mstari wa keneli hakuna kosa litakalotokea, ila na mabadiliko pia hayatatokea.

Njia iliyo safi kuliko hiyo ni kuirudishia skrini EDID yake. Ipate kwa kuichomeka skrini moja kwa moja bila swichi, nakili faili la `edid` kwenda `/usr/lib/firmware/edid/skrini.bin`, kisha weka `drm.edid_firmware=HDMI-A-1:edid/skrini.bin`. Draiva ikipakiwa mapema wakati wa kuwaka, faili hilo lazima liwemo pia ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni mwa kuwaka). Faida yake ni kwamba unapata orodha nzima, ukubwa halisi wa kioo na rangi sahihi.

Maandishi madogo kwenye skrini kali

Skrini ya inchi 27 yenye 3840x2160 ina pikseli kama 163 kwa inchi. Ya inchi 24 yenye 1920x1080 ina kama 92. Maandishi kwenye ile ya kwanza yatakuwa madogo mno, na kishawishi ni kushusha rezolusheni. Usifanye hivyo, maana utapoteza ung'avu ulioununulia. Acha rezolusheni ya asili, kuza kwa asilimia 150 au 200 kwenye mipangilio. GNOME isipokuonyesha 125 au 150 kwenye Wayland:

```
gsettings set org.gnome.mutter experimental-features "['scale-monitor-framebuffer']"
```

Ukiwa na skrini mbili za ukali tofauti, hapa ndipo Wayland inapoishinda Xorg waziwazi, kwani kila skrini hupata ukuzaji wake. Kwenye Xorg kilicho rahisi ni kuweka `Xft.dpi: 144` kwenye `~/.Xresources`, nayo itagusa zote kwa pamoja.

Televisheni kama skrini

Kingo za picha zikikatwa na paneli ya juu isionekane, tatizo liko kwenye televisheni yenyewe: inaikuza picha kama ilivyozoea kwa matangazo. Tafuta kwenye menyu yake ukubwa wa picha, uchague ule usiokata. Ikikosekana, kwenye baadhi ya kadi za AMD ndani ya Xorg jaribu `xrandr --output HDMI-1 --set underscan on`.

Weusi ukiwa kijivujivu kwenye kadi ya Intel, kompyuta inatuma rangi za kiwango cha televisheni, 16 hadi 235, badala ya 0 hadi 255:

```
xrandr --output HDMI-1 --set "Broadcast RGB" "Full"
```

KDE kwenye Wayland ina chaguo hilohilo la RGB ndani ya ukurasa wa skrini. Ukishaliweka, fungua picha yenye vivuli vingi. Vivuli vikizama kabisa kwenye weusi, televisheni ndiyo inayosubiri kiwango cha 16 hadi 235, na unapaswa kurudisha chaguo kwenye `Limited 16:235`.